Mawe Yanatulia

Shughuli yenyewe ilikuwa ndogo tu: kufuata nyundo iliyosahauliwa shimoni.

Pale mgodini kwa Bwana Kikohozi, upande wa Iramba, chombo kikikosekana jioni halali mtu. Ndivyo alivyopanga nyapara Gaspari. Bwana Kikohozi mwenyewe alikuwa Mzungu wa kukohoa na kutia sahihi, basi. Mwenye mgodi hasa, kwa maana ya kuogopwa, alikuwa Gaspari. Jioni ile alisimama mlangoni mwa banda la vyombo, fimbo kwapani, akiwatazama wachimbaji waliokwisha nawa na kuanza kusogelea vyungu vya ugali.

"Nyundo moja haipo," alisema. "Nani alitoka mwisho?"

"Mimi, nyapara," Naftali alijibu.

"Shuka ukailete. Jua ndilo hilo linakwenda."

Wenzake walimtazama kwa huruma. Kushuka peke yako, magharibi, tena tumbo tupu, hakuna aliyetamani. Hawakujua kwamba nyundo ile Naftali aliificha kwa mikono yake mwenyewe mchana, nyuma ya gogo, na kwamba jioni hii alikuwa akiingoja tangu mvua za mwaka uliopita. Aliokota gunia lake lililokunjwa, akalitia kwapani, akaelekea shimoni bila kugeuka nyuma.

Ndani ya gunia mlikuwa na ngozi ya ng'ombe.

Habari ya ngozi hiyo lazima isemwe kwanza, maana mambo yote yalianzia hapo. Naftali alikuwa na kaka yake, Philipo, aliyemtangulia kufanya kazi kwa Kikohozi. Philipo alikuwa mtu wa mzaha, mpenda ugoro kupita kiasi. Kijipembe chake cha ugoro hakikutoka shingoni, na mke wake, Lea, alikuwa akisema kwamba mumewe angeuoa ugoro kama ungejua kupika. Alipokuja likizo alisimulia kazi ya shimoni kwa kicheko, ingawa haikuwa ya kuchekesha. Unateremshwa ndani ya nusu ya pipa, kamba moja inakushika, mtu mmoja juu anazungusha roda. Chini unatambaa kwenye tawi la mgodi ambalo dari yake inashikiliwa na magogo. Unatoboa mwamba kwa tindo na nyundo, unaacha nafasi ya baruti, unatoka mbio. Moshi haujaisha unarudishwa kukusanya mawe. Ukipanda jioni ukiwa mzima, unamshukuru Mungu, na kesho unaanza kumwomba upya.

Halafu siku moja askari wawili walifika nyumbani kwao, Kinampanda, wakimtafuta Philipo. Mtoro, walisema. Amekimbia kazi na kipande chake cha siku za mkataba hakijaisha. Walipekua ghala la mtama, wakapindua vyungu, wakamchapa Naftali mbele ya mama yake ili aseme alikomficha kaka yake. Mama Hana alipiga magoti akaapa kwa Biblia. Hawakumsikiliza.

Baada ya wao kuondoka ndipo akaja Mazengo. Huyu alikuwa Mgogo wa Kilimatinde, mtu mzima, ndiye aliyeshika roda pale mgodini. Alikataa kiti, akakataa maji.

"Mama," alisema, "mwanao hajatoroka. Mimi ndiye niliyemshusha. Sikumpandisha."

Akaeleza yote akiwa amesimama. Gaspari alitaka magogo ya kutegemezea tawi jipya la mashariki. Badala ya kuagiza mengine porini, aliamuru yang'olewe ya tawi la magharibi, na Philipo alikuwa bado anafanya kazi humo. Dari ikashuka. Mawe yakaziba. Na nyuma ya mawe, wote wakasikia nyundo inagonga.

Ngo... ngo... ngo...

Wachimbaji walikimbilia sururu. Gaspari akasimama mbele ya kifusi na fimbo yake. Humu hakuna mtu, alisema. Mnachosikia ni mawe yanatulia. Atakayefungua mdomo, namweka ndani. Kwa Bwana Kikohozi akapeleka habari ya mtoro. Kazi ikaendelea tawi la mashariki, na wakati wote huo kule magharibi mawe "yalitulia" leo, yakatulia kesho, na kesho kutwa yakawa yanatulia kwa mbali sana.

"Nilisikia mpaka mwisho," Mazengo alisema. "Nilinyamaza. Nimekuja mnitukane."

Hakuna aliyemtukana. Mama Hana aliingia ndani akafunga mlango. Naftali alibaki amesimama uani na hasira ambayo hajapata kuijua. Kufa ni kufa, wachimbaji wanakufa. Lakini mtu agonge, asikiwe, halafu aambiwe kwamba yeye ni mawe! Hilo lilimkaa Naftali kooni, na tangu siku ile hakula chakula kikapita vizuri.

Sasa, ukoo wao ulikuwa na desturi. Mtu akifa mbali, na maiti isipatikane, huzikwa ngozi yake, ile ngozi ya ng'ombe aliyoilalia maisha yake. Ngozi imelala na mtu, imelowa jasho lake, inamjua. Huchimbwa kaburi pembeni mwa zizi, ngozi hukunjwa na kulazwa kwa ubavu wa kulia, na mjomba huiambia: "Umefika. Lala." Basi marehemu popote alipo anajua amezikwa, anatulia. Mwinjilisti wa misheni hakuipenda desturi hiyo, kwa hiyo walingoja amalize sala zake na kuondoka.

Aliyetumwa kuichukua ngozi ya Philipo ndani ya nyumba alikuwa Naftali. Ngozi mbili zilikuwa zimening'inia ukutani, ya kaka na ya mdogo, zote nyeusi zenye baka jeupe, za ndama wa mama mmoja. Alisimama mbele yake. Alifikiria kwamba kaka yake akizikwa atatulia. Na akitulia yeye, Gaspari naye atatulia, atakula, atanenepa, atakufa mzee kitandani.

Akashusha ngozi yake mwenyewe. Akaikunja, akatoka nayo.

Hakuna aliyegundua. Mjomba aliiambia ilale. Mama Hana aliililia mpaka sauti ikamkauka, na Naftali alisimama kando, hana hata chozi, akitazama udongo unavyoifunika.

Baadaye alikwenda kwa shangazi yake, Rahabu, mwanamke aliyekaa peke yake na ambaye watu walimwogopa na kumtembelea kwa siri. Alimwambia anachotaka.

"Ngozi yake unayo?"

"Ninayo, shangazi."

"Mpelekee alipo. Itandike, mwite jina. Ataamka. Asiyezikwa ana kazi ya kufanya." Akamtazama. "Na kaburini mliweka nini?"

Naftali aliona aibu kusema. Kumdanganya mama yake aliyekuwa akilia lilikuwa jambo zito, na hakutaka lijulikane.

"Gunia tu, shangazi."

"Vizuri," alisema Rahabu. "Bora lisiwe kitu cha mtu aliye hai."

Na ndivyo Naftali alivyokwenda kujiandikisha kwa Kikohozi, kwa jina la babu yake ili Gaspari asimtambue, akachimba miezi yote ile, akimwamkia kila asubuhi muuaji wa kaka yake kwa heshima zote.

* * *

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Mazengo aliitikia. Alikuwa amekaa kando ya roda, anafunga tumbaku. Aliliona gunia. Macho yake yalikaa juu ya gunia lile muda mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida. Yeye peke yake pale mgodini alimjua Naftali ni nani.

"Utachelewa?"

"Kidogo."

"Nitakuwa hapa," Mazengo alisema. "Safari hii sitoki hapa."

Naftali aliingia ndani ya pipa na taa yake ya kabaidi. Roda ikaanza kulia. Kwii... kwii... Mdomo wa shimo ukapungua juu yake mpaka ukawa mdogo wa kuzibwa na kiganja. Baridi ikapanda. Harufu ya udongo mbichi, harufu kali ya kabaidi, moshi wa baruti wa mchana uliogoma kutoka.

Pipa likagusa chini.

Kushoto lilikuwa tawi la mashariki wanalofanyia kazi. Kulia, la magharibi. Kulia hakuna aliyekwenda. Naftali aliinama akaingia, taa mbele, mabega yakikwaruza mwamba. Hatua chache tu, kisha kifusi: mawe yamejazana mpaka juu, na kwenye kona moja ya dari, pengo la kutosha kupitisha kichwa cha mtu.

Akaifungua ngozi. Akaitandika chini ya kifusi, manyoya juu, kama ilivyokuwa ikitandikwa nyumbani. Akapiga magoti na kusema kwa Kinyiramba, kwa sauti ya chini:

"Philipo. Ni mimi, mdogo wako. Hujazikwa. Aliyekuua yuko juu, anangojea ugali."

Maji yalidondoka mahali fulani. Tone. Tone.

Akaokota jiwe, akagonga mwamba. Ngo... ngo... ngo...

Akasikiliza.

Hakuna.

Naftali alianza kujiona mjinga. Miezi yote hii, uongo wote ule, kwa maneno ya mwanamke mzee! Akainua mkono kuikunja ngozi.

Ndipo harufu ikamjia. Haikuwa ya udongo wala kabaidi. Ilikuwa harufu ya ugoro, ugoro mkavu uliosagwa na magadi, mpya kabisa, kama umefunguliwa sasa hivi.

Na ng'ambo ya mawe...

Ngo.

Ngo.

Ngo.

Machozi yalimtoka Naftali kwa mara ya kwanza tangu msiba. Hakuogopa. Alilia kwa furaha, akabana kinywa kwa mikono miwili. Kisha sauti ikatoka ndani ya kifusi, kavu, ya kunong'ona, sauti ya mtu ambaye hajanywa maji muda mrefu.

"Mlete."

* * *

Naftali alirudi mpaka chini ya shimo, akaelekeza uso juu.

"Mzee Mazengo! Mwambie nyapara aje mwenyewe! Kifusi cha magharibi kimefunguka, ndani kuna kitu kinang'aa!"

Alijua Gaspari atakuja. Alijua pia atakuja peke yake na bila kumwambia Bwana Kikohozi, kwa kuwa dhahabu ya kuonekana kwa macho ni dhahabu ya kutiwa mfukoni. Haukupita muda roda ikalia tena. Viatu vya Gaspari vikaonekana kwanza, kisha fimbo, kisha uso wake uliojaa tamaa na mashaka kwa pamoja.

"Uliona nini?"

"Njoo utazame, nyapara. Mimi sijui mambo ya dhahabu."

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu, na mzee wa roda."

Gaspari aliinama akaingia tawi la magharibi. Hakuwa amekanyaga humo tangu siku ile. Alipofika kwenye kifusi alisimama, akaitazama ngozi chini.

"Hii ya nini?"

"Ya kupigia magoti, nyapara. Mawe yana ncha."

Akapiga magoti juu yake. Akainua taa yake kwenye pengo la juu, akachungulia.

"Sioni kitu."

"Ingia zaidi kidogo."

Gaspari aliingiza mkono wenye taa, halafu kichwa. Akakaa hivyo. Kisha akapiga chafya. Akapiga tena, na tena, mabega yakiruka.

"Nani anavuta ugoro humu?" aliuliza kutoka ndani ya pengo.

Ngo... ngo... ngo...

Mgongo wa Gaspari ukakauka. Alijaribu kutoa kichwa; kikagoma, sijui kwa kukwama au kwa kushikwa.

"Unasikia?" Naftali aliuliza taratibu. Sauti yake ilikuwa tamu, na utamu ule yeye mwenyewe aliufurahia. "Nini hicho, nyapara?"

"Ni... ni mawe tu. Ni mawe..."

"Yanatulia," ilimalizia sauti kutoka ndani.

Taa ya Gaspari ikazimika.

"Mimi ni mdogo wake Philipo," Naftali alisema. "Yule mtoro. Ulipeleka askari nyumbani kwetu."

"Kijana... nivute. Nivute miguu, ndugu yangu. Bwana angenifunga! Ningefanyaje? Nina watoto..."

"Naye alikuwa na mke. Alikuwa akigonga."

Gaspari alianza kupiga kelele, lakini kelele ile haikufika mbali. Kitu kilimvuta. Kwanza mabega yaliyokuwa mapana kuliko pengo, nayo yakapita, na Naftali alisikia sauti ambayo hakuna mtu anayepaswa kuisikia. Kisha kiuno. Kisha viatu, vikipigapiga mwamba. Kisha mawe ya juu yakashuka polepole yakaziba pengo, na vumbi likajaa.

Alipomaliza kukohoa, Naftali alicheka. Kifua chake kilikuwa chepesi kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima. Angeweza kula. Angeweza kulala usingizi.

"Asante, kaka," alisema. "Imekwisha. Sasa nitakurudisha nyumbani. Nitaichukua ngozi yako tukuzike vizuri."

Harufu ya ugoro ikazidi.

"Nilikwenda nyumbani," sauti ilisema. Safari hii haikutoka ndani ya kifusi. Ilikuwa nyuma yake.

Naftali hakugeuka. Shingo yake haikutaka kugeuka.

"Ulipotandika ngozi niliamka, nikaenda. Nimekuta kaburi langu lina mtu."

"Hakuna mtu, kaka. Ni ngozi tu."

"Ya nani?"

Tone la maji likadondoka.

"Mjomba alimwambia amefika, alale," sauti iliendelea bila hasira yoyote, kwa upole wa kaka mkubwa. "Mama alimlilia. Ndugu wote walimtupia udongo. Wewe mwenyewe ulikuwepo. Umezikwa, Naftali. Mtu aliyezikwa hana kazi tena huko juu."

Hapo ndipo Naftali alipoelewa alichofanya. Aliruka kukimbia. Akili ilikimbia, miguu haikufika popote. Akaanguka juu ya ngozi ya kaka yake, na ngozi ilikuwa ya moto kama imelaliwa usiku kucha. Mtu alimvuka. Aliziona nyayo zikipita mbele ya taa, nazo zilikuwa nyayo zake mwenyewe, zenye kovu la jembe kwenye kidole gumba.

Kule kwenye shimo, pipa likagonga chini. Kamba ikatikiswa.

Kwii... kwii... kwii...

"Mzee Mazengo!" Naftali aliita. Sauti haikutoka. Kilichotoka kilikuwa pumzi kavu. Mkono wake ukapapasa, ukapata jiwe.

Akagonga.

Kutoka juu, mbali sana, ilishuka sauti ya Mazengo.

"Nani?"

"Mimi, mzee. Naftali." Ilikuwa sauti yake. Hata kule kuvuta maneno kulikuwa kwake.

"Na nyapara?"

"Dari imemwangukia."

Naftali aligonga kwa nguvu zote zilizobaki. Ngo, ngo, ngo.

"Kuna mtu anagonga huko," alisema Mazengo.

"Hapana, mzee. Ni mawe yanatulia."

* * *

Mazengo hakunyamaza mara ya pili. Hilo ni lazima lisemwe kwa heshima yake. Alikwenda usiku uleule kumgongea Bwana Kikohozi dirishani, akasema yote, ya mwaka jana na ya jioni ile, na kulipokucha watu wakashuka na sururu.

Naftali aliwasikia wakija. Aliona mwanga wa taa zao kupitia kope zisizofunga. Alitaka kusema: mimi hapa, niko hai. Ulimi ulikuwa kipande cha mti.

Gaspari walimkuta nyuma ya mawe, amekunjwa mahali ambapo mtu mzima haenei, kinywa kimejaa mchanga. Kisha wakaiinamia ngozi na aliyelala juu yake.

"Ni Philipo huyu," alisema mmoja, akitoa kofia. "Maskini. Tazama alivyokauka. Ni wa mwaka jana huyu."

"Mbona taa iliyo karibu naye bado ina moto?" aliuliza mwingine.

Waliikunja ngozi pamoja na aliyekuwa juu yake, wakampandisha.

Walimbeba kwa machela mpaka Kinampanda. Mchukuzi wa mbele, upande wa kulia, alikuwa akipokezana na wenzake salamu za njiani na kuwaitikia wazee kwa adabu. Naftali alisikia sauti yake mwenyewe ikisema shikamoo kwa watu anaowajua. Alisikia harufu ya ugoro njia nzima.

Nyumbani kulikuwa na kilio, na ndani ya kilio kulikuwa na nafuu: mwana amepatikana, siyo mtoro, maiti imerudi. Mwinjilisti aliongoza sala na safari hii hakuondoka mapema. Lea aliuona mwili akageuza uso. Walimtia kwenye sanduku la mbao, wakachimba palepale pembeni mwa zizi, ndani ya kaburi la zamani. Mjomba alisogea akasema yale maneno kwa mnong'ono, mwinjilisti asisikie. Na udongo ukaanza kushuka.

Kidole kimoja. Naftali aliona kwamba kidole kimoja cha mkono wa kulia bado kilikuwa chake. Watu waliondoka. Ng'ombe wakarudi machungani. Alisikia kwato zao juu yake, kengele, ndama wakilia. Mtu alikuja akaketi karibu na kaburi. Alimjua kwa kikohozi chake kidogo. Mama.

Ngo... ngo... ngo...

Juu, pumzi ilisimama.

Nyayo zikakaribia. "Mama, inuka. Chakula kimeiva."

"Nasikia kitu kinagonga," alisema Mama Hana.

"Ni mawe, mama. Yanatulia."

"Zizi hili nimelifagia tangu nilipoolewa. Halina mawe."

Kisha sauti ndogo, ya mtu anayevuta kitu puani.

"Naftali hakuwahi kuvuta ugoro," mama alisema.

Naftali aligonga, akagonga, ngozi ya kidole ikachanika na hakuna damu iliyotoka. Alisikia mama yake akishuka chini, akiweka viganja viwili juu ya udongo, karibu kabisa na uso wake. Alikuwa analia. Alikuwa amejua. Angefukua, jembe lilikuwa pale pale ukutani.

"Nilikuwa na wawili," mama alinong'ona. Haikujulikana alikuwa anasema na nani. "Mmoja nilikwisha mlilia. Nikifukua... nitabaki na nani?"

Aliyesimama alingoja, kwa subira, kama watoto wanavyongoja mama aamue.

Naftali aligonga mara ya mwisho, akasikiliza.

Kiganja kikaanza kuupapasa udongo, taratibu, taratibu, vile mama anavyompapasa mtoto mgongoni anapokataa usingizi.

"Umefika, mwanangu," alisema Mama Hana. "Lala."

Hakutaja jina.